Ukuta Uliolowa kwa Mama Neema

Kilosa, nyumbani
Alasiri

Mwanangu Salma,

Mama yako na shangazi yako wako uani wanapanga vitu vyako, na kila wanachokipanga wanakipangua. Nimewasikia wakibishana kama Kasulu kuna baridi. Shangazi anasema baridi ya huko inaingia kwenye mifupa, mama yako anasema Kigoma yote ni joto, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuvuka Tabora. Nimewaachia wenyewe. Habari za blanketi, vidonge vya malaria, kufunga mlango vizuri na kumwamkia mwalimu mkuu umeshaambiwa mpaka umechoka. Hapa hutazikuta.

Nimekaa kibandani, naandika juu ya benchi langu la kazi, na maranda yananiganda kwenye mkono. Unanijua, mimi si mtu wa kuandika. Karatasi ya kwanza nimeichana, ya pili imeharibika, hii ndiyo nimeamua iende hivyo hivyo. Shida si maneno. Shida ni kwamba sijui hasa ninataka kukuambia nini. Ninachojua ni kwamba kuna kazi moja niliifanya Mikumi ulipokuwa bado mdogo, ndiyo kwanza unaanza shule, na tangu siku ulipopangiwa kwenda kufundisha Kasulu, kazi ile inanirudia kichwani kila nikishika randa. Nimeona niiandike mpaka mwisho, huenda huko mwisho nitaelewa kwa nini. Nikimaliza nitakupa mkononi mwenyewe, kabla ya chakula. Isome leo, usingoje treni.

Utakumbuka kidogo jinsi tulivyokuwa. Karakana ya reli niliyoifanyia kazi tangu ujana ilitupunguza. Tuliitwa uwanjani tukaambiwa nchi imebadilika, sasa kila mtu ajitegemee, tukapeana mikono na wakubwa, basi. Nikarudi nyumbani na sanduku la zana begani. Sikuelewa, mama. Mimi nilizoea kwamba kazi inakuja na karatasi yake, mbao zinakuja na behewa, na mshahara unatoka hata kama dukani hakuna cha kuununulia. Sasa maduka yalijaa. Sabuni za kila rangi, redio, viatu, mitumba imemwagwa chini mpaka njia haipitiki, na kazi hakuna. Watu walikuwa wakisema ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kujenga, ruksa kuhama. Nami nilizunguka soko la Kilosa nikiangalia vitu vile, sijui kama nifurahi au nilie.

Ndipo dereva mmoja wa lori aliponiletea salamu kutoka Mikumi. Kuna mwanamke anaitwa Mama Neema, anajenga gesti pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Iringa, anatafuta fundi wa mbao asiyebabaisha. Mama Neema alikuwa mjane. Alianza kwa kuwauzia madereva wali na maharage chini ya turubai, akapanda mpaka akapata kiwanja. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja waliokwishawasha injini.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kwenye mteremko. Badala ya kukisawazisha, mwashi wake alichimba ndani ya kilima, akajenga kwanza chumba kirefu kilichozama ardhini, halafu juu yake ndiyo vyumba vya wageni. Ukuta mmoja tu wa chumba kile ulitoka nje, ule unaotazama barabara. Zilizobaki zilikuwa zimeegemea udongo.

"Fundi, unakiona hiki chumba?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nakiona, mama. Ni stoo?"

"Stoo ya nini? Hapa watakaa wageni wangu wa maana. Nataka kuta zote niziwekee mbao. Kuna dereva anayekwenda Kongo ameniambia amelala hoteli ya hivyo. Anasema ukiingia unajiona uko ndani ya sanduku la bi harusi."

"Mbao za kupigilia tu?"

"Hapana. Amesema misumari haionekani. Ubao umeshikana na mwenzake."

Nikajua anataka nini. Karakanani tulikuwa tukizitengeneza kwa ajili ya mabehewa ya zamani. Kila ubao unauchonga ulimi ubavu mmoja na mfereji ubavu wa pili. Ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa ule. Msumari unaupiga kwa mshazari kwenye shina la ulimi, halafu ubao unaofuata unakuja kuufunika. Ukimaliza, ukuta una mistari tu. Randa za kazi ile nilikuwa nazo, ya ulimi na ya mfereji, nilizirithi kwa mzee aliyenifundisha.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo panaponichanganya. Kazi ile niliifanya vizuri. Sijisifu. Nimeirudia kichwani mara nyingi nikitafuta nilipokosea, na sipaoni. Ukuta uliozama ardhini si wa kuuamini, hilo nilifundishwa. Kwa hiyo nilizipapasa kuta zote, zilikuwa kavu. Nikabandika vipande vya nailoni kila upande, nikaviacha mpaka kesho yake, nikavibandua. Nyuma yake hakuna hata jasho. Juu ya hapo bado nikapaka lami. Nikapigilia papi, vile vipande vyembamba vya mbao, ili mbao zisiguse ukuta na hewa ipite nyuma. Mbao zenyewe zilikuwa mninga, nikazipanga mle chumbani zikakaa mpaka zikazoea hewa ya pale, ndipo nikaanza pembeni, ubao baada ya ubao, nikizigonga kwa kipande cha gogo ili nyundo isivunje ndimi. Juu na chini nikaacha nafasi ya mbao kupumua, nikaificha kwa ubao mwembamba.

Ilipokwisha, Mama Neema aliingia. Akapitisha kiganja ukutani kutoka mlangoni mpaka mwisho. Akaniambia, "Fundi, sasa na mimi nina kitu." Niliporudi Kilosa nilikuwa natembea kama mtu aliyeajiriwa upya na nchi yake.

Masika yalikuja yakapita, na mvua za Mikumi unazijua. Ukuta ukabaki mkavu. Nikasema nimeshinda. Halafu kikaja kiangazi, nyasi za mbugani zimekauka kabisa, vumbi la malori limejaa kila mahali, na katikati ya ukavu huo ndipo ukuta wa Mama Neema ulipoanza kulowa.

Aliniita haraka. Nilikuta mbao zimevimba. Mninga si mti wa kuvimba ovyo, lakini hizi zilivimba, zikakosa pa kwenda, zikasukumana mpaka katikati ya ukuta pakatokeza tumbo. Ulimi mmoja ulikuwa umechomoka. Chini kulikuwa na doa jeusi na harufu ya uyoga. Nikaweka mkono. Baridi, na mkono ukatoka na maji.

Wateja walikuwepo wanakunywa chai. Mama Neema alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Fundi, maji yanatoka wapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimefika hivi punde, hata sanduku sijalitua vizuri. Jibu la kweli lilikuwa neno moja na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini watu walikuwa wameacha vikombe wananitazama, nami ni fundi niliyeitwa kutoka Kilosa, na kwa kweli wakati ule jina la ufundi ndicho kitu pekee nilichobaki nacho.

Nikasema, "Maji hutoka juu yakaja chini, mama. Huko juu kuna nini?"

"Kuna lambo la Saning'o."

"Basi labda ni hilo."

Saning'o alikuwa mfugaji wa Kimasai, mtu mzima, boma lake liko juu ya ule mteremko. Alikaa pale kwa ruhusa ya kijiji kabla hata gesti haijajengwa. Alichimba lambo la kunyweshea ng'ombe wake, nalo lilidumu na maji hata kiangazi. Mkewe, Nasieku, ndiye aliyekuwa akimletea Mama Neema maziwa kila asubuhi. Ile chai waliyokuwa wakinywa wateja siku ile, wakati mimi nasema labda, ilikuwa na maziwa ya Nasieku.

Kesho yake nilikwenda bombani kunawa uso nikawasikia kina mama wawili wakiongea, ndoo chini.

"Fundi wa Kilosa amepima jana. Amekuta lile lambo linabomoa nyumba zote za huku chini."

"Amepima na nini?"

"Anayo pima maji. Mwanangu ameiona kwenye sanduku lake."

Salma, unaijua pima maji yangu, ile rula ya mbao yenye kichupa katikati. Kazi yake ni kukuonyesha kama kitu kimelala sawa. Haijui maji yanatoka wapi, kama mimi nisivyojua. Nilitaka kucheka. Nikatoka pale nikifikiri, nitakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nimweleze. Sikuwahi. Mwenyekiti ndiye aliyenijia, nyuma yake wanaume na majembe, wengine mapanga.

"Fundi, twende zetu. Wewe ndiye shahidi. Na ile pima maji yako uichukue."

"Twende wapi, mwenyekiti?"

"Kufukia lambo. Na leo leo ahame."

Nilipowaangalia wale watu nilitambua kwamba hawakuja kwa ajili ya ukuta. Mmoja ng'ombe walikuwa wamekula mahindi yake mwaka uliotangulia, na hilo lilikuwa kweli. Mwingine alikitaka kile kilima, maana barabara ilikuwa imechangamka na kila mtu anatafuta kiwanja. Mwingine sijui alitaka nini. Wote walikuwa wanangoja neno moja la kushika, na neno lenyewe nimelitoa mimi. Ile labda yangu ilikuwa imedondoka njiani wakati maneno yanasafiri, ikabaki lambo peke yake.

Nikaenda nao. Hapo pia sijui. Ningeweza kukataa, au kukimbilia kituo cha basi. Nilitembea tu, pima maji iko kwapani, Mama Neema anatembea mbele na khanga kichwani.

Saning'o alikuwa amesimama kando ya lambo. Vijana wake walikuwa wamekwishapeleka ng'ombe malishoni, alikuwa yeye na Nasieku tu. Hakuinua fimbo. Alitungoja mpaka tukafika.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, fundi. Umekuja na watu wengi."

"Ndiyo, mzee."

"Nimeambiwa umeyaona maji yangu kwenye ukuta wa Mama Neema."

"Nilisema labda, mzee."

Nyuma yangu mtu akapaza sauti. "Usianze kugeuza maneno, fundi!"

Nasieku hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Neema. "Jana umepokea maziwa kwangu. Leo unakuja na majembe. Mbona hukuniambia?"

Mama Neema akaangalia chini. "Nyumba yangu inaoza, Nasieku. Sina nyingine. Nifanyeje?"

Nikaliangalia lile lambo. Maji ya udongo, kingo zimekanyagwa na kwato, vibuibui vya maji vinateleza juu. Niliangalia kama vile litanijibu. Kama lilikuwa linavuja, mbona bado lina maji? Na kama halivuji, mbona kule chini kumelowa? Vichwani mwa wale wanaume hakukuwa na swali. Kwangu maswali yalikuwa yamejaa, na nilikuwa naona aibu kuwa mimi peke yangu nisiyejua, na ndiye ninayeitwa mtaalamu.

"Tufungue ukuta kwanza," nikasema. "Tuone maji yameingilia wapi. Lambo halikimbii."

Wakaguna. Mama Neema ndiye aliyekuja juu. "Ufungue ukuta wangu? Kazi yote ile?"

"Nitaufungua kwa mikono yangu, mama. Na kama ni kufunga, nitaufunga mimi."

Mwenyekiti akafikiri, akasema, "Haya."

Sasa ukuta wa mbao za namna ile una tabia moja. Ubao mbovu hauwezi kuuchomoa ulipo, kwa sababu mwenzake wa kulia ameushika na wa kushoto umeshikwa nao. Unatakiwa uanze na ubao wa mwisho ulioupigilia, urudi nyuma, mmoja mmoja, mpaka ufikie unaoutaka. Na ukitumia nguvu ndimi zinavunjika. Kwa hiyo kazi ile ikachukua muda mrefu. Wale wanaume walianza kwa kusimama mlangoni, majembe mabegani. Jua lilipopanda wakaegesha majembe ukutani. Baadaye wakakaa. Mmoja akasema mwanawe anaumwa, akaondoka. Wawili wakaingia kunisaidia kubeba mbao nje, si kwa kunipenda, kwa kuchoka kukaa. Saning'o naye alishuka, akaja kukaa kwenye jiwe upande wa pili wa mlango, na hakuna aliyemfukuza. Mtu akampa ugoro. Sijui kama walisahau walichokijia au mtu hawezi tu kukasirika muda wote huo.

Nilipotoa ubao wa mwisho nikawaita ndani.

Ukuta wa upande wa lambo, ule ambao wote tuliushuku, ulikuwa na unyevu chini tu, kidogo. Wa pembeni, chini ya bafu la juu, ulikuwa umelowa vizuri, nikafikiri basi ni bomba la Mama Neema mwenyewe. Lakini bafu lile lilikuwa halijatumika tangu pampu ilipoharibika. Na ukuta wa barabarani, ule ulioko nje juani, usiogusana na udongo wala bomba, katikati yake palikuwa na doa la maji kubwa kuliko yote. Nilipitisha mkono pale. Nikaulamba, uniwie radhi, nikitafuta ladha ya chumvi au sabuni au kinyesi cha ng'ombe. Ulikuwa na ladha ya ukuta.

Mwenyekiti akaniuliza, "Haya, fundi. Ni lambo au si lambo?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Ni bomba?"

"Sijui."

"Watu wameacha mashamba yao, fundi! Jana ulisema unajua."

"Jana nilisema labda. Na hiyo labda sikupaswa kuisema. Sijui maji haya yanatoka wapi. Mtu akiwaambia anajua, mwulizeni ameonaje."

Mmoja kati yao, yule aliyeliwa mahindi, akanionyesha pima maji niliyoiegesha kwenye kona. "Sasa wewe jana ulikuwa unapima nini?"

"Sikupima kitu. Hiyo kazi yake ni kuona kama mbao zimelala sawa."

Mtu akacheka. Akafuata mwingine. Hawakucheka kwa wema, Salma, walinicheka mimi, fundi mzima kutoka Kilosa anayelamba kuta. Lakini kicheko kile kiliwatoa nje wakaenda na majembe yao, wengine wanatukana, wengine wanaiga nilivyolamba. Mwenyekiti akaondoka bila kuniaga. Mama Neema alikaa juu ya rundo la mbao za mninga akalia. Saning'o akachukua fimbo yake akapanda kilima. Hakunishukuru. Hata sikujua anishukuru kwa lipi, maana mimi ndiye niliyewaleta.

Hapo ndipo ungedhani kisa kimekwisha. Hakikwisha. Mama Neema hakutaka tena mbao, chumba kikawa cha kuwekea magunia ya vitunguu. Mikumi nzima hakuna aliyeniita kazini kwa muda mrefu. Mama yako alikuwa akiniuliza, kwani ungesema ni bomba ungepungukiwa nini?

Halafu Saning'o akaja hapa nyumbani. Pengine unakumbuka. Alikuwa amekuja mnadani, akauliza nyumba ya fundi Athumani mpaka akafika. Ulimwinamia kumwamkia akakuwekea mkono kichwani, nawe ukakimbilia jikoni kumwambia mama yako kuna mgeni mrefu. Alikuja kuniaga. Alikuwa anahamisha ng'ombe kwenda kusini.

"Wamekufukuza, mzee?"

"Hakuna aliyenifukuza. Ila Mama Neema hanunui maziwa, na wengine hawanisalimu. Nasieku amechoka."

Tukanywa chai. Akaniambia, "Fundi, nilitaka kukuuliza. Kama siku ile ungefungua mbao ukayakuta maji yametoka kwangu, ungesema?"

Nilifikiri. "Ningesema, mzee."

"Sawa. Mtu aseme alichokiona. Na wao wangelifukia lambo, na ng'ombe wangu wangekufa kwa kiu kwa sababu ya mbao. Hiyo nayo ingekuwa sawa?"

Nilimwongezea chai. Mimi nilikuwa nimejiona nimetenda jema kwa sababu sikuwa na uhakika. Hakuna siku niliyojiuliza ningefanya nini kama ningekuwa nao. Alinisubiri kwa heshima, akamaliza chai yake, akaniambia nibaki salama.

Mwaka uliofuata, lambo lilipokauka kwa kukosa wa kulitunza, Mama Neema akanitumia ujumbe kwa dereva. Mwambie fundi ukuta umekauka. Sikulala vizuri baada ya hapo. Basi lilikuwa lambo! Nikawa namwona Saning'o akilini, anatikisa kichwa. Kiangazi kingine kilipoingia akatuma tena. Mwambie fundi ukuta umelowa, na kule juu kuna vumbi tupu. Nikafurahi, Salma. Nilifurahi kwamba ukuta wa mjane umelowa. Ilinichukua muda kuona haya.

Hadi leo sijui maji yale yalitoka wapi. Nimewauliza waashi, na watu wa visima. Kila mmoja ananijibu mara moja, na kila mmoja jibu lake.

Nimefika hapa, wino unakwisha, na nadhani sasa nimeelewa kwa nini kisa hiki kilikuwa kikinifuata.

Siku ulipopata Kasulu ulinijia hapa kibandani. Wajomba zako walikuwepo, wamekaa kwenye magogo. Ukaniuliza, "Baba, niende?" Nami nikasema, "Nenda. Kazi ya serikali siku hizi huipati mara mbili." Nilisema kwa sauti, wajomba wakaitikia kwa vichwa, nawe ukasema, "Sawa, Baba." Hukuniuliza tena. Lakini nimekuona unavyoisogelea redio wanapotangaza habari za wakimbizi wanaovuka mpaka upande ule. Nimekuona unavyomsaidia mama yako kazi ambazo zamani ulizikimbia. Hukuwa unauliza uambiwe, ulikuwa unauliza tuzungumze, nami nikakupigilia jibu kama msumari.

Jibu langu la kweli ni kwamba sijui. Nikikufikiria umesimama mbele ya darasa na chaki mkononi, naona fahari mpaka kifua kinaniuma. Nikifikiria usiku wa mahali nisipopajua, nataka nikakufungie mlango kwa komeo nililolitengeneza mwenyewe. Mambo yote mawili ni kweli na hayapatani. Labda Kasulu itakuwa heri yako. Labda ukikataa kituo hiki hutapewa kingine, na miaka kumi baadaye utanilaumu. Safari hii nakuomba hizo labda uzibebe zote zilivyo, usiiache hata moja idondoke.

Kesho nakusindikiza stesheni, na sanduku lako nitalibeba mimi. Treni ikishasimama nitakugeukia, wala sitasema neno. Ukiniambia pandisha, nitalipandisha mpaka kwenye kiti chako nishuke. Ukiniambia turudi, nitaliweka tena begani turudi, na wajomba zako nitawajibu mwenyewe.

Mama yako anaita chakula. Nakuja kukupa hii.

Baba yako,
Athumani